Ingmar Bergman, Mwana wa Mchungaji

Katika mji wa Uppsala, nchi ya Uswidi, alizaliwa tarehe 14 Julai 1918 mtoto aliyeitwa Ingmar Bergman. Baba yake, Erik, alikuwa mchungaji wa Kilutheri, tena mkali sana nyumbani. Mtoto akikosa huchapwa, pengine hufungiwa kabatini gizani, kisha sharti aubusu mkono wa baba na kuomba radhi. Sisi tukaao katika nyumba za wachungaji, habari hii yatuchoma.

Krismasi moja kaka yake alipewa mashine ndogo ya kuonyesha picha zinazokwenda. Ingmar akatoa askari wake wote wa bati ili aipate. Basi, kazi yake ya maisha ikawa ni hiyo ya sinema. Alipokua aliiacha imani, lakini maswali ya kanisa hayakumwacha. Mwaka 1957 alitoa picha ya askari wa vita vya msalaba achezaye sataranji na Mauti. Jina lake, Muhuri wa Saba, lilitoka katika Ufunuo.

Twataka hasa kutaja picha ya mwaka 1963, iitwayo Washiriki wa Meza ya Bwana. Ni habari ya mchungaji ambaye moyo wake umepoa. Mvuvi mwenye hofu amjia apate faraja, naye asipoipata ajiua. Mpiga picha wake, Sven Nykvist, ambaye wazazi wake walikuwa wamisionari katika Kongo, aliketi na Bergman kanisani saa nyingi, wakitazama jinsi nuru ya majira ya baridi inavyogeuka.

Lakini Bergman hakujua aimalizeje. Ndipo Jumapili moja alipokwenda na baba yake, sasa mzee dhaifu, katika kanisa la mashambani. Watu walikuwa wachache, na mchungaji wa pale akatangaza kwamba ni mgonjwa, ibada itafupishwa pasipo meza ya Bwana. Mzee akainuka kwa shida, akaingia chumba cha mavazi, akatoka amevaa nguo za ibada, akaitimiza yote. Hivyo ndivyo picha ilivyopata mwisho wake: kanisa karibu tupu, kengele yalia, na mchungaji yule asiye na imani aanza ibada. Wako waliochukizwa kuona mchungaji akionyeshwa hivyo. Sisi twaona ni heri katekista na mchungaji waitazame.

Erik alikufa mwaka 1970. Mwanawe alifariki tarehe 30 Julai 2007 katika kisiwa cha Fårö, akazikwa katika uwanja wa kanisa la huko.