Soichiro Honda: dereva wa mbio aliyeanguka Tamagawa

Jina lake limeandikwa kwenye tangi la pikipiki inayokupeleka gulioni na kwenye mashine ya kuvuta maji bondeni. Wengi wetu tumekua tukidhani Honda ni jina la kiwanda tu. Kumbe ni jina la mtu, mtoto wa mhunzi wa kijijini, aliyeanza kwa kupenda mbio za magari hata zikakaribia kumuua. Katika makala haya tunayafuata maisha yake kwa upande huo wa mbio, kwa sababu tunaona bila mbio hizo huenda jina hilo lisingetoka nje ya mji wake.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alifua vyuma na kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Soichiro hakuwa hodari darasani. Siku gari la kwanza lilipopita kijijini kwao alilikimbilia, na liliposimama akainama kunusa mafuta yaliyodondoka chini. Alikumbuka harufu ile mpaka uzeeni. Mwaka 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege. Soichiro alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, akaendesha zaidi ya kilomita 20, na kwa kuwa hela za kiingilio hazikutosha, akapanda mti akaangalia kutoka juu.

Akiwa na miaka 15 alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Miezi ya kwanza hakushikishwa spana. Kazi yake ilikuwa kubeba mtoto wa tajiri mgongoni na kufagia. Nusura arudi kwao. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa lililipiga jiji, moto ukazuka kila upande, na magari ya wateja yakalazimika kuondolewa haraka. Kijana huyo akaingia nyuma ya usukani na kuliendesha moja. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuendesha gari, huku jiji likiungua.

Tajiri wake, Yuzo Sakakibara, naye alipenda mbio. Usiku, kazi ya wateja ikiisha, mafundi waliunda gari la mashindano kwa vipande vilivyopatikana. Walichukua injini ya ndege ya Kimarekani aina ya Curtiss, wakaifunga kwenye chasisi ya gari la Mitchell. Novemba 1924 gari hilo lilishinda. Usukani ulishikwa na mdogo wake tajiri, Shinichi, na Honda alikaa kando yake kama fundi wa ndani ya gari. Zamani magari mengi ya mbio yalibeba watu wawili. Mmoja aliendesha, mwingine aliangalia nyuma, akisikiliza injini na kumpa mwenzake ishara.

Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la gereji Hamamatsu. Honda alifanikiwa, akapata pesa, akazitumia kwa starehe na kwa kuunda magari yake mwenyewe ya mbio.

Hapo ndipo tunapofika Tamagawa. Ulikuwa uwanja mpya kando ya mto Tama, nje kidogo ya Tokyo, uwanja wa kwanza wa kudumu wa mbio za magari nchini Japani. Tarehe 7 Juni 1936 yalifanyika mashindano ya kuufungua. Honda, mwenye miaka 29, alikuja na gari aliloliita Hamamatsu, lenye injini ya Ford aliyoirekebisha kwa mikono yake. Fundi aliyekaa kando yake alikuwa mdogo wake wa damu, Benjiro.

Gari lao lilikuwa kwenye kasi kubwa pale gari jingine lililokuwa limesimama pembeni kutengenezwa liliporudi barabarani. Hapakuwa na nafasi ya kulikwepa. Gari la Honda liligonga, likaruka na kupinduka, na ndugu wale wawili wakarushwa nje. Soichiro aliumia usoni na mkononi. Benjiro aliumia zaidi: alivunjika mfupa wa uti wa mgongo.

Waandishi wengi hupita hapa haraka ili wafike kwenye ushindi. Sisi tunasimama kidogo. Aliyeunda gari na kuliendesha alikuwa kaka, na aliyeumia zaidi alikuwa mdogo aliyemwamini akakaa kando yake. Benjiro alipona, na ndugu hao hawakutengana. Mwaka 1977, wakiwa wazee, walitoa fedha pamoja kuanzisha taasisi ya kuendeleza teknolojia inayomjali binadamu. Lakini safari ya Soichiro kama dereva wa mbio ilikoma muda mfupi baada ya Tamagawa. Mkewe, Sachi, na jamaa zake hawakutaka tena kusikia habari hiyo.

Basi akageukia kutengeneza ringi za pistoni. Yeyote aliyewahi kufungua injini ya pikipiki anazijua: vipete vidogo vya chuma vinavyozunguka pistoni. Zikichoka, pikipiki huvuta oili na kutoa moshi. Honda alidhani ni kazi rahisi. Ringi zake zilikuwa ngumu na za kuvunjika. Kati ya ringi 50 alizopeleka kupimwa Toyota, 3 tu ndizo zilizopita. Mtu mzima mwenye mke na jina mjini akarudi darasani, katika chuo cha ufundi Hamamatsu, kujifunza jinsi vyuma vinavyochanganywa. Hakufanya mitihani, kwa hiyo hakupewa cheti, na hakujali. Hatimaye ringi zikatoka vizuri. Kisha vita vikaja, mabomu yakaangukia kiwanda kimoja, na Januari 1945 tetemeko likaangusha kingine. Vita vilipoisha aliuza kila kilichobaki kwa Toyota, akakaa karibu mwaka mzima bila kazi, akinywa pombe na kuangalia nchi yake iliyobomoka.

Mwaka 1946 alipata injini ndogo za jeshi, zilizokuwa za kufua umeme wa redio. Watu hawakuwa na usafiri, petroli ilikuwa ya mgao, treni zilijaa pomoni. Honda alifunga injini moja kwenye baiskeli na kutumia chupa ya bati ya maji moto kama tangi. Sachi ndiye aliyeijaribu mtaani, akarudi nguo zimelowa mafuta, na mumewe akarekebisha kabureta. Injini ya kwanza aliyoiunda mwenyewe, mwaka 1947, watu waliiita bata-bata. Si yule bata wa bwawani, ni mlio wake tu masikioni mwa Wajapani. Septemba 1948 kampuni ya Honda ikaandikishwa. Mwaka uliofuata akajiunga naye Takeo Fujisawa, aliyeshika fedha na mauzo. Honda hakuwa mtu wa hesabu, na tunathubutu kusema bila Fujisawa kampuni ingekufa mapema.

Ilikaribia kufa mwaka 1954. Mauzo yalishuka, skuta mpya ikawa na matatizo, madeni ya mashine zilizoagizwa nje yakabana. Mwezi Machi mwaka huohuo, Honda alitangaza kwamba pikipiki zake zitakwenda kushindana Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, kwenye mbio zilizoitwa TT ambazo dunia nzima iliziangalia. Mwezi mmoja kabla, pikipiki yao moja ilikuwa imeshiriki mbio za São Paulo, Brazil, na kumaliza ya 13.

Juni 1954 alikwenda mwenyewe kuangalia. Aliyoyaona yalimtisha. Injini za NSU za Ujerumani, za ukubwa uleule na zake, zilikuwa na nguvu karibu mara tatu. Alinunua kabureta, minyororo, matairi na vifaa vingine Ulaya, na uwanja wa ndege wa Roma mzigo ulipozidi kilo, alivitia vingine mifukoni.

Tangazo lilisema wangeshindana mwaka uliofuata. Ilichukua miaka mitano. Nyumbani Japani walishindana kwenye barabara za vumbi la volkano chini ya mlima Asama, na mwaka 1955 Yamaha, kampuni changa kutoka Hamamatsu hiyohiyo, iliwashinda katika daraja la cc 125. Kiwandani Honda aliwafokea vijana wake, na mara nyingine aliwapiga. Mwenyewe alikiri hilo baadaye. Hatutalificha, maana wapo wanaomsimulia kama babu mpole.

Tarehe 3 Juni 1959, mbele ya watazamaji waliokuwa hawajaizoea pikipiki ya Kijapani, Naomi Taniguchi alimaliza wa 6 katika mbio za cc 125. Wenzake wa Kijapani walishika nafasi ya 7, ya 8 na ya 11, na Honda ikapata zawadi ya timu bora. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Mei 1961, Kunimitsu Takahashi alishinda mbio za cc 250 Hockenheim, Ujerumani Magharibi. Alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa pikipiki. Mwezi uliofuata, Kisiwa cha Man, Mwingereza Mike Hailwood alishinda daraja la cc 125 na la cc 250, na katika yote mawili nafasi tano za mwanzo zilichukuliwa na Honda.

Baada ya hapo mauzo ya nje hayakuhitaji maelezo mengi. Pikipiki ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, Super Cub, ilikuwa imara na rahisi kutunza, na mwaka 2017 idadi ya zilizotengenezwa ilipita milioni 100.

Magari ya Formula 1 yalifuata mwaka 1964. Tarehe 24 Oktoba 1965, Mexico City, Mmarekani Richie Ginther aliongoza kutoka mwanzo hadi mwisho. Mji huo uko juu sana, zaidi ya mita 2,200, na hewa ni nyepesi. Anayepanda na lori nyanda za juu anajua injini inavyokosa pumzi. Mkuu wa timu, Yoshio Nakamura, alikuwa amefanya kazi ya injini za ndege, akajua namna ya kupima mafuta kulingana na hewa hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1968. Honda mzee alishikilia kwamba injini ipozwe kwa upepo badala ya maji. Likaundwa gari la Formula 1 la namna hiyo. John Surtees, dereva mkuu wa timu, alilijaribu na kukataa kulishindania, akisema haliko tayari. Tarehe 7 Julai, mjini Rouen, Ufaransa, alipewa Jo Schlesser, Mfaransa mwenye miaka 40. Mvua ilikuwa ikinyesha. Katika mizunguko ya mwanzo tu gari lilitoka barabarani na kuwaka moto, Schlesser akafia humo. Mwisho wa mwaka Honda ikaondoka Formula 1.

Hata hapo hakulegeza msimamo mara moja. Wahandisi vijana waliendelea kubishana naye, na mwishowe Fujisawa akamwuliza kama anataka kuwa rais wa kampuni au mhandisi. Honda alichagua urais, na injini za maji zikaruhusiwa. Ndizo zilizozaa injini ya mwaka 1972 iliyotimiza masharti makali ya Marekani kuhusu moshi. Mwaka 1973 Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Alitumia muda mrefu kuzunguka viwanda na gereji kupeana mikono na wafanyakazi, na fundi mmoja alipotaka kuficha mkono wenye grisi, Honda aliushika hivyohivyo.

Kampuni ilirudi Formula 1 miaka ya 1980, na mwaka 1988 magari ya McLaren yenye injini za Honda yalishinda mbio 15 kati ya 16. Mzee aliangalia kwa mbali.

Alifariki Tokyo tarehe 5 Agosti 1991 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa kuwa mtengenezaji wa magari hapaswi kusababisha msongamano barabarani. Siku sita baadaye, nchini Hungaria, Ayrton Senna alishinda akiendesha gari lenye injini ya Honda, na kitambaa cheusi mkononi.