Nikolai Vavilov, Mlinzi wa Mbegu

Tarehe 26 Januari 1943, katika gereza la mji wa Saratov nchini Urusi, alifariki mtu aliyedhoofishwa na njaa, naye ndiye aliyetumia umri wake wote kutafuta namna ya kuwaondolea wanadamu njaa. Huyo ni Nikolai Vavilov. Twaona yafaa wafanyakazi na wakulima wetu wayajue maisha yake, hata mkulima wa delta ya Rufiji, ambaye hapandi ngano bali mpunga.

Alizaliwa Moscow mwaka 1887, akasomea kilimo. Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kujifunza elimu ya urithi wa mimea kwa William Bateson. Baadaye alizunguka mabara akikusanya mbegu na kuzihifadhi katika chuo chake cha utafiti, Leningrad. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, na katika mashamba ya wakulima wa milimani alikuta ngano za namna nyingi ajabu, hata zenye punje za zambarau. Alifundisha kwamba penye aina nyingi za mmea ndipo ilipo ghala ya urithi wake.

Ghala hiyo ina faida gani? Ngano izaayo sana kwa kawaida huwa na protini haba, kwa kuwa wanga hujaa katika punje kupita protini. Mtaalamu akichagua wingi wa mavuno peke yake, ubora waweza kupotea. Mwaka 1906 Aaron Aaronsohn aligundua ngano ya mwituni huko Palestina. Na mwaka 2006 wataalamu walieleza jeni moja ya ngano ya jamii hiyo, ambayo huharakisha majani kukauka na kuhamishia protini, chuma na zinki katika punje. Ngano nyingi za mashambani zilikuwa zimekwisha kuipoteza nguvu ya jeni hiyo. Lakini faida hiyo ina gharama yake: jani likikauka mapema mno, punje yaweza kuwa ndogo. Ndiyo maana kazi hii hutaka subira ya miaka.

Subira hiyo ndiyo iliyomponza Vavilov. Trofim Lysenko aliikana elimu ya urithi, akaahidi mavuno ya haraka, na Stalin akampendelea. Tarehe 6 Agosti 1940 Vavilov alikamatwa akiwa safarini kukusanya mimea. Mwaka 1941 alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo.

Wakati huo Leningrad ilizingirwa na majeshi ya Hitler. Wafanyakazi wa chuo chake walikufa kwa njaa wakizilinda mbegu bila kuzila, miongoni mwao Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga. Mwaka 1955 serikali ilimfutia Vavilov hukumu yake, naye alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na miwili.

Kwetu sisi wana-chama fundisho ni wazi. Uongozi waweza kuamuru barabara ijengwe na shule ifunguliwe, lakini punje haipokei amri. Kiongozi mwenye busara humsikiliza mtaalamu hata anapoleta habari zisizopendeza. Naye mkulima apokeapo mbegu mpya asizitupe zile za wazee wake, kwani hajui ni ipi itakayohitajiwa kesho. Akiba haiozi.