Seebeck na Joto la Mabati Yetu

Maji ya Mto Ruiru yalianza kuipa Nairobi umeme mwanzoni mwa karne ya 20. Jua linalochoma mabati ya Ruiru na Thika kila adhuhuri, nalo, joto lake hupotea bure. Nilitazamapo, humkumbuka Thomas Johann Seebeck, mtu ambaye wanafunzi wetu hukariri jina lake bila kuyajua maisha yake.

Seebeck alizaliwa mwaka 1770 mjini Tallinn, ambao enzi hizo ukiitwa Reval. Alisomea utabibu Ujerumani na kuhitimu Göttingen mwaka 1802, lakini moyo wake ulikuwa katika fizikia. Mwaka 1821, akiwa Berlin, aliunganisha metali mbili tofauti zikawa kitanzi, akapasha moto kiungo kimoja na kukiacha cha pili baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Umeme ulikuwa umezaliwa na tofauti ya joto, pasipo gurudumu wala moshi.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakukubali kuwa huo ni umeme. Alishikilia kuwa joto limezitia metali usumaku. Ørsted wa Denmark ndiye aliyelipa jambo hilo jina la umeme wa joto. Seebeck alifariki Berlin mwaka 1831.

Hata hivyo, alikuwa amezijaribu metali na madini mengi na kuyapanga kwa nguvu zake. Maelezo yake yalianguka. Orodha yake ikasimama. Katika karne ya 20 wataalamu waliunda maada bora zaidi, kama mchanganyiko wa bismathi na teluri. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, hupata umeme kwa njia hiyo hiyo, kutokana na joto la plutoni.

Kwa nini basi mabati yetu hayajatuwashia taa? Kwa sababu joto pekee halitoshi. Sharti pawe na upande wa baridi. Tena, aghalabu maada hizo hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto kuwa umeme. Kazi hiyo yangoja vijana.

Walimu wa Thika na Ruiru, waya wa shaba na wa chuma, mshumaa na maji baridi vyatosha kuichezesha galvanomita darasani. Mwanafunzi aandikapo kwa uaminifu alichokiona, apewe alama zake, hata kama maelezo yake yamekosea. Tukituza jibu la kitabuni pekee, Seebeck wetu atafeli mtihani.