Oscar Slater: miaka 18 kwa macho ya mashahidi

Tukisikia mtu ameonekana kwa macho, wengi wetu huona kesi imekwisha. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi niliposoma maisha ya Oscar Slater.

Alikuwa Myahudi wa Ujerumani, mzaliwa wa 1872, aliyehamia Glasgow, Scotland. Si mtu wa kusifiwa. Alicheza kamari na kubadilisha majina. Tarehe 21 Desemba 1908 bibi wa miaka 82, Marion Gilchrist, alipigwa hadi kufa nyumbani kwake, mtumishi wake Helen Lambie akiwa ametoka kununua gazeti. Aliporudi, yeye na jirani walimwona mwanamume akitoka ndani kwa utulivu, kisha akashuka ngazi mbio. Nje, msichana wa miaka 14, Mary Barrowman, alisema aligongwa na mtu anayekimbia.

Pambo la almasi lilikosekana, na polisi wakasikia Slater anauza risiti ya rehani ya pambo kama hilo. Kumbe lake aliliweka rehani wiki kadhaa kabla ya mauaji. Kesi ingekufa hapo, lakini alikuwa ashapanda meli kwenda New York kwa jina la bandia.

Mashahidi wakapelekwa huko. Lambie na Barrowman walilala chumba kimoja melini. Picha ya Slater walionyeshwa. Kisha, wakingoja kwenye ujia wa mahakama, akapitishwa mbele yao chini ya ulinzi. Ndipo wakaulizwa kama wanamtambua! Lambie, ambaye mwanzo alisema uso hakuuona vizuri, sasa alimjua kwa mwendo wake. Na aliporudishwa Glasgow, Slater, mgeni kwa sura, alipangwa kwenye gwaride pamoja na polisi wa Kiskoti. Hata mtoto angemchagua.

Mei 1909 huko Edinburgh, waamuzi 9 kati ya 15 walimtia hatiani, na hao walitosha. Siku mbili kabla ya kunyongwa, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akavunja mawe gereza la Peterhead. Mpelelezi Trench, aliyefichua 1914 kwamba usiku ule Lambie alimtaja mtu mwingine, alifukuzwa kazi. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimtetea kwa miaka. Mwaka 1925 mfungwa aliyefunguliwa alimletea ujumbe wa Slater, ameuficha kinywani.

Aliachiliwa Novemba 1927, na Julai 1928 hukumu ikafutwa. Nisiwadanganye: majaji wa rufaa hawakuwaita mashahidi waongo. Walisema jaji wa 1909 aliwapotosha waamuzi kwa alivyoitaja tabia ya mshtakiwa. Mimi naona hayo yamefungamana, kwani ushahidi dhaifu ulisimama kwa kuegemea sifa mbaya ya mtu.

Alilipwa pauni 6,000, akaoa tena, akafariki Ayr mwaka 1948. Muuaji wa Bi Gilchrist hakupatikana hadi leo.