Simon Kapwepwe: Mtu aliyejua kusema na mpiga kura

Kampeni zinapofika Nchelenge na Kashikishi, ufuko wote wa Ziwa Mweru hugeuka uwanja wa ngoma. Magari yenye vipaza sauti hupita tangu asubuhi, mitumbwi ya injini iliyopambwa bendera huelekea visiwa vya Kilwa na Isokwe, na akina mama hupewa vitenge vyenye picha ya mgombea. Jioni kila mtu hurudi nyumbani amechoka kwa kucheza. Waulize mgombea amesema nini juu ya ushuru wa mpakani au juu ya kufungwa kwa uvuvi, utaona wanaangaliana.

Ndugu msomaji, uwe ni mkimbizi uliyerejea Pweto au mfanyabiashara unayevuka ziwa hili kila wiki na magunia ya samaki wakavu, leo nataka nikueleze habari za marehemu Simon Mwansa Kapwepwe. Mimi ni mwalimu, nilisoma ukimbizini upande wa Zambia. Jina lake nililisikia kwanza kwa wazee wa ziwani waliowahi kufanya kazi katika migodi ya Copperbelt, kabla sijalikuta vitabuni. Walimtaja kama mtu aliyejua kusema na watu. Katika maisha yake mna somo, na mna onyo pia.

Mwalimu kutoka Chinsali

Kapwepwe alizaliwa tarehe 12 Aprili 1922 wilayani Chinsali, kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini. Alisoma katika misheni ya Lubwa, iliyokuwa ya Wapresbiteri wa Scotland, pamoja na rafiki yake wa utotoni, Kenneth Kaunda. Wote wawili wakawa walimu, na wote wawili wakauona mshahara wa mwalimu Mwafrika kuwa mdogo na heshima yake kuwa ndogo zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili walijaribu kilimo na biashara ndogondogo. Kaunda aliuza hata mitumba iliyotoka Kongo. Wafanyabiashara wetu wataitambua kazi hiyo. Anayeuza nguo kijiji kwa kijiji hulazimika kusalimia kwanza, kuuliza habari za msiba na za mavuno, kisha kuvumilia lawama juu ya bei. Hawezi kutupa maneno na kuondoka, maana mteja akinyamaza hajauza kitu.

Wakati huohuo walianzisha tawi la Congress, chama cha Waafrika kilichodai haki, huko Chinsali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kapwepwe alipata nafasi ya kusoma India, nchi iliyokuwa imejikomboa mwaka 1947. Aliporejea mwaka 1955 aliingia siasa moja kwa moja, na mwaka uliofuata alichaguliwa mweka hazina wa Congress.

Siasa bila redio

Msomaji wa leo aliyezoea simu ya mkononi anapaswa kukumbuka hali ya wakati ule. Tangu mwaka 1949 Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini walikuwa wakiuziwa redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, na kituo cha Lusaka kilitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga na lugha nyingine. Lakini kituo kilikuwa cha serikali. Waliopinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, lililoundwa mwaka 1953, hawakuwa na kipaza sauti hicho. Mikutano nayo ilihitaji kibali.

Basi walitumia miguu, baiskeli na midomo yao. Walihitaji maneno machache ambayo mtu aliyeyasikia asubuhi angeweza kuyafikisha kijiji cha pili jioni bila kuyaharibu. Neno Kwacha, yaani kumekucha, lilifanya kazi hiyo. Halikuhitaji mkalimani wala mtu aliyesoma. Baada ya uhuru likawa jina la fedha tunayobadilishana mpakani hadi leo.

Mwaka 1958 Kapwepwe na Kaunda walitengana na Harry Nkumbula, kiongozi wa Congress, kwa sababu hawakukubali katiba ya uchaguzi iliyompa Mzungu nguvu kuliko Mwafrika. Chama chao kipya kilipigwa marufuku Machi 1959, na Kapwepwe akapelekwa kuishi chini ya amri Mongu, magharibi kabisa mwa nchi. Alipoachiwa alikuwa mweka hazina wa UNIP, chama ambacho Kaunda alikiongoza kuanzia Januari 1960.

Mwaka 1961 moto uliwaka mikoa ya Kaskazini na Luapula. Barabara zilifungwa, madaraja na shule viliharibiwa, watu walichoma vitambulisho vyao, na serikali ilituma askari. Maisha ya watu yalipotea. Katika uchaguzi wa Oktoba 1962, haki ya kupiga kura bado ilipimwa kwa mali na elimu. Januari 1964, watu wazima wote walipopata kura, UNIP ilishinda viti 55 kati ya 65 vya daftari kuu. Uhuru ulipatikana tarehe 24 Oktoba 1964.

Nguvu ya Kibemba chake

Kapwepwe alikuwa waziri wa mambo ya nje, na kuanzia mwaka 1967 makamu wa rais. Alijua Kiingereza cha mabaraza, lakini umaarufu wake ulitokana na Kibemba. Aliongea kwa methali na mafumbo, na aliandika vitabu kwa lugha hiyo. Aliamini kuwa nchi iliyojitawala haiwezi kuzipeleka lugha zake jikoni huku ya mgeni ikikaa sebuleni.

Sisi walimu tunajua kwa nini methali inafaa jukwaani. Msemaji anataja nusu ya kwanza, wasikilizaji wanamalizia. Hapo tayari wamesema naye. Mama muuza samaki ambaye hajasoma hata darasa moja anaweza kupima kama methali imetumiwa mahali pake au imepindishwa. Akisemeshwa kwa Kiingereza cha semina, hana la kupima. Anabaki kupiga makofi wenzake wakipiga.

Ulimi hujenga, ulimi hubomoa

Hapa ndipo penye onyo. Agosti 1967, katika mkutano mkuu wa UNIP pale Mulungushi, Kapwepwe alimshinda Reuben Kamanga na kuchukua nafasi ya makamu. Kura zilifuata mistari ya lugha: wasemao Kibemba na Kitonga upande mmoja, wasemao Kinyanja na Kilozi upande wa pili. Chama kilipasuka ndani kwa ndani, na Februari 1968 Kaunda alijiuzulu kwa saa chache kupinga ukabila huo kabla ya kurudi. Lugha iliyompa Kapwepwe mioyo ya watu wa kaskazini ilianza kuwatia wengine hofu.

Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1992 na 1993 huko Katanga, maneno ya wanasiasa yaligeuka fimbo, na maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Mgombea anayekusemesha kwa lugha ya mama yako amekuheshimu. Anapoitumia kukuonyesha jirani wa kumchukia, amekufanya silaha yake.

Mufulira, Desemba 1971

Mwaka 1970 Kapwepwe aliacha umakamu wa rais. Agosti 1971 alijitoa UNIP na kuongoza chama kipya, UPP. Wafuasi wake wengi walitiwa kizuizini. Redio ilikuwa mikononi mwa wenye nchi, na habari zake zilizotangazwa zilikuwa za kumchafua. Aliyashtaki mahakamani magazeti yaliyodai kwamba aliwatuma watu nje kupata mafunzo ya kijeshi, na mahakama ikampa haki.

Desemba 1971 ulifanyika uchaguzi mdogo katika majimbo 12. UPP ilishinda jimbo moja tu, Mufulira Magharibi, na aliyeshinda ni Kapwepwe mwenyewe. Kila anayesafiri kutoka Luapula kwa njia ya Chembe, akakatiza kipande cha ardhi ya Kongo hadi Mokambo, anaujua mji huo wa migodi. Umejaa watu wa kaskazini na wa Luapula waliokwenda kutafuta kazi.

Ushindi huo unafundisha mambo mawili. Mtu anayefahamika uso kwa uso anaweza kushinda hata redio yote ikimpinga. Lakini ufahamu huo hauwezi kuazimwa. Wenzake waliosimama kwa jina lake mahali pengine walianguka wote.

Furaha ilikuwa fupi. Februari 1972 UPP ilipigwa marufuku na Kapwepwe akawekwa kizuizini hadi siku ya mwisho ya mwaka huo, Zambia ikiwa tayari nchi ya chama kimoja. Katika kura za urais zilizofuata, mpiga kura alichagua kati ya ndiyo na hapana kwa mgombea mmoja. Mwaka 1977 Kapwepwe alirudi UNIP, na mwaka 1978 akataka kushindana na Kaunda kuwania urais. Katiba ya chama ikabadilishwa: mgombea lazima awe mwanachama kwa miaka mitano mfululizo. Hivyo alizuiwa hata kabla ya kusimama mbele ya wapiga kura. Alifariki dunia tarehe 26 Januari 1980 akiwa na miaka 57. Mwaka 2011 uwanja wa ndege wa Ndola ulipewa jina lake.

Tumuulize mgombea

Siku hizi vyama ni vingi na redio ni nyingi. Mwaka 2011 chama cha Michael Sata kilikuja na alama ya mashua, na Luapula ikakipa kura nyingi. Alama nzuri humfungulia mgombea mlango. Akishaingia ndani inabidi ajibu maswali.

Maswali hayo tunayajua. Uvuvi unapofungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, familia ya mvuvi itakula nini? Ushuru wa mpakani ni kiasi gani, na kwa nini karatasi inasema hivi na mkono unadai vile? Mtoto aliyezaliwa ukimbizini atapata wapi cheti chake? Mkongomani hapigi kura Nchelenge, wala Mzambia hapigi kura Pweto, lakini anayeshinda upande mmoja hupanga ushuru unaolipwa na wa upande wa pili. Kwa hiyo kila mmoja aulize kwake.

Kitenge cha kampeni huchakaa kabla ya muhula kwisha. Mgombea akitua ufukoni na mtumbwi wake wenye bendera, mwacheni aimbe wimbo mmoja, kisha ngoma inyamaze na maswali yaanze. Anayetaka kura zenu atabaki kuyajibu.