Enrico Fermi: Mkimbizi aliyezisoma nyutroni

NYUTRONI ni chembe ndogo iliyomo ndani ya kiini cha atomi. Haina chaji ya umeme, hivyo hupenya pale ambapo chembe nyingine hurudishwa. Mtu aliyeonyesha kwamba mwendo wake hutegemea kitu inachogongana nacho ni Enrico Fermi, Mtaliani aliyefia ugenini.

Fermi alizaliwa Roma, Septemba 29, 1901, na akiwa kijana bado alikuwa profesa wa chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1934, miaka miwili baada ya Mwingereza James Chadwick kugundua nyutroni, yeye na wenzake walianza kuzirusha kwenye elementi mbalimbali kuona zipi zitatoa mionzi.

Wakakutana na kioja. Fedha iliyowekwa juu ya meza ya mbao ilitoa mionzi mingi kuliko ile ya juu ya marumaru. Oktoba 22, badala ya kipande cha risasi alichokusudia kukitumia, Fermi aliweka nta ya parafini. Mionzi ikaongezeka mara nyingi.

Jibu lilipatikana siku hiyohiyo. Gololi ikigonga ukuta hurudi na kasi yake, lakini ikigonga gololi nyingine iliyotulia, husimama. Nta na mbao zina haidrojeni nyingi, ambayo kiini chake kinakaribiana uzito na nyutroni. Humo nyutroni hupunguza mwendo, na ikienda polepole hunaswa kwa urahisi.

Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1938. Mwaka huohuo serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na mkewe, Laura, alikuwa Myahudi. Familia iliondoka kama inayokwenda Stockholm kupokea tuzo tu, haikurudi. Januari 2, 1939 walishuka New York na watoto wao wawili.

Hakuwa mtu asiyekosea. Aliamini amepata elementi nzito kuliko urani, kumbe, kama wanakemia wa Ujerumani walivyobaini mwishoni mwa 1938, kiini cha urani kilikuwa kimepasuka.

Huko Marekani alitafuta kitu cha kupunguza mwendo wa nyutroni bila kuzimeza. Alichagua grafaiti. Lakini boroni kidogo tu ndani yake humeza nyutroni, hivyo yeye na Leo Szilard walidai grafaiti safi. Wajerumani walipima yenye uchafu, wakaiacha. Desemba 2, 1942, chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, fimbo ya kadimiamu ilivutwa na kinu cha kwanza cha nyuklia kikafanya kazi, kikitoa nusu wati tu.

Mradi huo ulizaa pia bomu. Sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga, na Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa. Mwaka 1949 Fermi na Isidor Rabi walipinga kwa maandishi bomu la haidrojeni, ingawa baadaye yeye mwenyewe alishiriki mahesabu yake.

Leo wahandisi wanaosanifu vinu vya kuunganisha viini vya haidrojeni wako mbele ya swali lilelile la Fermi. Sumaku hushika gesi ya moto, lakini nyutroni huponyoka na kupiga ukuta, zikiudhoofisha na kuufanya utoe mionzi. Kwa hiyo huchagua chuma kisichobaki na mionzi kwa muda mrefu, na nyuma ya ukuta hupanga kuweka lithiamu, ili inase nyutroni na kuzalisha tritiamu, ambayo ni fueli ya kinu. Wakikosea kuchagua, kinu hujiharibu chenyewe.

Fermi alirudi Italia kufundisha mwaka 1949 na 1954, lakini kama mgeni. Saratani ya tumbo ilimuua Novemba 28, 1954, akiwa na miaka 53. Alizikwa Chicago.