Lillelien, mtangazaji aliyeshangilia hewani bila kujificha

KAA kibanda umiza chochote pale Mabogini siku ya Simba na Yanga. Dakika kumi haziishi kabla mtangazaji hajapewa timu. Mmoja atasema huyu ni Simba, mwingine atasema ni Yanga, wa tatu ataomba sauti izimwe watu waangalie picha tu. Lakini yupo mtangazaji aliyeegemea upande mchana kweupe na dunia ikampenda: Bjørge Lillelien wa Norway.

Alizaliwa mwaka 1927 huko Vikna, visiwani. Baadaye akawa sauti ya michezo ya NRK, redio ya taifa, akitangaza soka na pia mbio za kuteleza kwenye barafu. Kwao alikuwa mkubwa tayari. Sisi wengine tunamjua kwa usiku mmoja tu.

Ni Septemba 9, 1981, uwanja wa Ullevaal, Oslo, kufuzu Kombe la Dunia. Mwaka mmoja kabla, England ilikuwa imewapiga Wanorway 4-0 pale Wembley, na Norway haikuwahi kuwafunga Waingereza hata siku moja. Bryan Robson akatangulia kufunga, watu wakajua ni yale yale. Kabla ya mapumziko Roger Albertsen akasawazisha, kisha Hallvar Thoresen akapiga la pili. Ikaisha 2-1.

Filimbi ya mwisho ilipolia, jamaa alipagawa. Akichanganya Kinorway na Kiingereza, akaanza kuwaita Waingereza wakubwa mmoja mmoja: Nelson, Beaverbrook, Churchill, Eden, Attlee, bondia Henry Cooper, Lady Diana. Watano wa kwanza walikuwa marehemu, Nelson tangu 1805! Halafu akamgeukia waziri mkuu Margaret Thatcher, akampa salamu kwamba vijana wake wamechezea kichapo cha haja.

Upendeleo? Mtupu. Ila aliyekuwa akisikiliza ni Mnorway, kwenye redio ya Norway, timu ya taifa ikiwa uwanjani. Hakuna aliyedhulumiwa. Ligi yetu ni kitu kingine bana: shabiki wa Simba na wa Yanga wamelipia king'amuzi kile kile, kwa hiyo mtangazaji anayenyamaza penalti ya upande mmoja na kupiga kelele ya upande wa pili anakula hela ya mtu aliyemnyima haki. Anayetaka kujitetea kwa jina la Lillelien atafute mfano mwingine.

Waingereza wenyewe hawakununa. Mwaka 2002 jarida la michezo la gazeti la Observer liliyaweka matangazo yale namba moja kwa ubora.

Cha ajabu, ushindi ule haukuipeleka Norway popote. Ilimaliza mkiani mwa kundi, England ikaenda Hispania 1982. Lillelien alifariki kwa saratani Oktoba 1987, akiwa na miaka 60. Norway ilirudi Kombe la Dunia mwaka 1994, mara ya kwanza tangu 1938, na mechi zake zikatangazwa na watu wengine.